Kaunta buku ya baba ilikuwa na majina ya utani tu

Baba alifariki mwezi ukiwa mpevu. Asiyekaa mwambao wa Ziwa Victoria hataelewa kwa nini naanzia hapo. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukiangaza, wavuvi hupumzika. Hutoka kambini visiwani, hurudi mwaloni, ufukweni wanakoshushia samaki, na kukaa na tajiri wao kupiga hesabu: mafuta yamekula kiasi gani, nani alikopa nini, nani apate ngapi. (Tajiri kwetu si lazima awe na hela. Ni mwenye mtumbwi.) Baba alikuwa tajiri wa mitumbwi mitatu. Alianguka asubuhi pale Kayenze, ndiyo kwanza amefungua kaunta buku yake aanze hesabu. Presha. Hospitali hakufika. Ilikuwa Aprili 2013.

Hesabu ile haijapigwa mpaka leo.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu juzi mwenzangu mmoja tunayeuza naye dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, alinivuta pembeni. Mume wake anaumwa, amelazwa mara mbili mwaka huu. Akaniuliza kama ni vizuri amwambie aandike wosia. Nikamjibu, ungemwambia mwaka ule alipokuwa anabeba magunia mawili kwa mpigo. Alinyamaza, akaenda kupanga ndoo zake. Nilimfuata baadaye nikamwomba radhi kwa ukali wangu. Maneno yenyewe sikuyafuta. Mgonjwa akishika kalamu, kila mtu chumbani anahesabu nani ameingia na nani ametoka, na karatasi ile hata ikiwa ya haki itasemwa kwamba ilitoka kinywani mwa aliyekuwa anamlisha uji.

Lakini nirudi kwenye kaunta buku.

Tuliifungua siku ya nne ya msiba, mimi na kaka zangu wawili, nyuma ya nyumba kule Kitangiri, juu ya lile jiwe ambalo mama huanikia mboga. Mwandiko wa baba ulikuwa mzuri, alisoma mpaka la saba enzi zile la saba lilikuwa elimu. Kurasa zimejaa. Na hatukuelewa hata ukurasa mmoja. “Chuma, 240.” “Mzee wa Kome, injini.” “Baba Mapacha, 6 na ndama.” “Fundi, bado.” Fundi gani? Kayenze kuna fundi mitumbwi, fundi injini, fundi wa kushona nyavu, fundi cherehani na yule anayejiita fundi ambaye hatujawahi kujua ufundi wake ni upi. Na 240 ni elfu mia mbili arobaini, au ni kilo za dagaa, au ni lita za petroli? Tukawauliza wavuvi. Nusu wakasema Chuma anadaiwa na baba. Nusu wakasema baba ndiye aliyekuwa anadaiwa na Chuma. Chuma mwenyewe alikuwa ameshavuka kwenda upande wa Kagera, na simu yake ilikuwa inaita tu.

Baba hakuwa mzembe. Alikuwa anajua kila kitu kilipo, mpaka ndoo iliyovunjika mpini. Tatizo ni kwamba alijua peke yake. Ile kaunta buku aliiandika imkumbushe yeye, haikuandikwa ili mtu mwingine aisome.

Na mali ya ziwani ina ubaya wake, inaelea. Shamba la mpunga halihami usiku. Injini ya boti inabebwa na vijana wawili begani, inafunikwa turubai, asubuhi iko kisiwa kingine na imeshapakwa rangi. Nyavu zikichanganywa na za mwingine, nani atazitambua? Sisi tulikuwa tumekaa kwenye mikeka tunapokea rambirambi. Tulipomaliza matanga, injini moja haikuwepo, na taa zote za mtumbwi wa pili hazikuwepo, na kila tuliyemuuliza alitutazama kwa huruma.

Siku ya tatu ya msiba ilikuwa imetia nanga meli ya kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, na ndani yake alishuka mama mmoja na watoto wawili. Sitaeleza sana. Yule wa kiume alikuwa na masikio ya baba, yale yaliyokaa kama vipini vya chungu. Watu wote pale uani walimtazama mama yangu. Mama akasema, “Wapeni uji watoto, wametoka mbali.” Kisha akaingia ndani na hakusema neno jingine kwa siku mbili. Nimemheshimu mama kwa mengi, lakini kwa sentensi ile namheshimu zaidi. Hata hivyo, najiuliza mpaka leo, je, baba asingeweza kuibeba aibu ile mwenyewe akiwa hai, hata kwa mistari mitatu kwenye karatasi, badala ya kumwachia mama aibebe mbele ya majirani?

Ukoo ukakaa kikao. Kwetu huwezi kwenda mahakamani bila muhtasari wa kikao cha familia, wenye majina na sahihi za waliohudhuria. Mimi ndiye niliyeandika muhtasari kwa sababu nilikuwa na mwandiko unaosomeka. Nilihudhuria, niliandika, lakini sikuulizwa kitu. Wazee wakamteua baba mdogo awe msimamizi wa mirathi. Mama alipotajwa, mzee mmoja akasema mke ni mgeni katika ukoo. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Wakati ule nilidhani ni ubaya wa yule mzee. Baadaye msaidizi wa kisheria mmoja alinionyesha kwamba yule mzee alikuwa anarudia kilichoandikwa. Kuna Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, la sheria za mila, na humo imo kanuni kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa mume ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Na mabinti wamewekwa daraja la tatu, nyuma ya kaka mkubwa na nyuma ya kaka wengine. Wajane wawili wa Shinyanga waliipinga sheria hii mahakamani wakashindwa, wakaipeleka mpaka Kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imekiuka haki zao. Kwa hiyo mnaosema “sheria itaamua” muulize kwanza ni sheria ipi. Mwanaume wa Kisukuma ambaye hajaandika kitu huenda akawa ameandikiwa tayari, na aliyemwandikia hamjui mke wake.

Hapohapo yule msaidizi akanisimulia kesi ya Holaria Pastory. Naisimulia kila ninapopata nafasi, kwa hiyo nivumilieni. Holaria alikuwa mama mtu mzima wa Kihaya, ng'ambo ile ya ziwa. Alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Mwaka 1988, amezeeka na hana wa kumtunza, akaliuza kwa shilingi laki tatu. Mtoto wa ndugu yake akafungua kesi: mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu hapa Mwanza, kwa Jaji Mwalusanya, na mwaka 1990 jaji akasema mila hiyo inapingana na Katiba, mauzo ni halali. Watu husimulia kesi hii kwa ajili ya jaji, nami sibishi, alistahili. Mimi hunigusa zaidi yule baba ambaye jina lake halitajwi sana. Mzee wa Kihaya wa zamani, mila yote inamwambia binti hapewi, naye akakaa chini akampa binti yake kwa wosia. Bila yeye, Holaria asingekuwa na cha kuuza wala cha kugombania.

Basi, baba mdogo akafungua mirathi Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi akishateuliwa anapewa miezi minne kupeleka orodha ya mali na madeni, ile wanayoiita Fomu namba 5. Yeye alijaza alivyoviona kwa macho: nyumba, mitumbwi mitatu, injini mbili, kitanda, redio. Nyumba ilikuwa na karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri na balozi wa nyumba kumi ambaye naye alikuwa marehemu. Wapima walipokuja mtaani miaka kadhaa baadaye na zoezi la urasimishaji wa makazi, wanapanda bikoni zao za mipaka katikati ya mawe, swali lao la kwanza lilikuwa “jina la mmiliki?”, na sisi tukatazamana. Benki moja ilikuwa na hela za baba, tuliandikishwa fomu, tukarudishwa, tukaambiwa jina la kwenye kitambulisho lina herufi moja tofauti na la kwenye cheti cha kifo. Hilo liliisha, na sitaki hata kulikumbuka.

Kilichoniuma ni baba mdogo. Aliuza injini moja. Akasema amelipa sanda, chakula cha msiba na ada ya mdogo wetu wa mwisho. Inawezekana kabisa. Chakula cha msiba wa watu wa ziwani si mchezo, wavuvi wanakula. Akauza nyavu, akasema amelipa deni la mafuta ambalo baba aliliacha kwa muuza petroli. Muuza petroli alikubali kwamba amelipwa, lakini je, deni lenyewe lilikuwepo? Hakuna aliyelijua ila marehemu. Kaka yangu wa pili akamwita mwizi mbele ya watu, kwenye harusi. Tangu siku hiyo baba mdogo hajakanyaga kwetu, na mwaka jana alipofiwa na mke tulikwenda kumzika tukakaa upande wa wageni.

Na mimi, mpaka leo ninavyoandika, sijui kama baba mdogo aliiba. Sijui! Kama baba angeacha orodha ya ukurasa mmoja, ningejua siku ileile kwamba nina baba mdogo mwizi au nina baba mdogo mwaminifu aliyechafuliwa. Vyote viwili ningeweza kuishi navyo. Watu wanafikiri wosia ni habari ya kugawa, huyu apate hiki na yule apate kile. Kugawa ni nusu ya kazi, na mara nyingine ni nusu ndogo. Wengine wamegawiwa na dini yao. Jirani yangu wa Kiislamu huniambia yeye hana haja ya kuandika kitu maana mafungu yamo kwenye Qur'ani, na wosia wenyewe hauzidi theluthi moja ya mali. Sawa, mama. Lakini kabla ya mafungu yanalipwa madeni. Nani atamwambia msimamizi madeni yako? Na thumni ya mke, ile moja ya nane, ni thumni ya nini, kama hakuna anayejua ulikuwa na nini?

Halafu kuna Baba Mapacha, “6 na ndama”. Mwaka 2016, mwezi wa saba, alifika mzee mmoja Kitangiri akiwa na fimbo na kijana. Anatoka ndani huko Misungwi. Alikuwa ametunziwa ng'ombe na baba, au tuseme baba ndiye aliyetunziwa. Kwetu ni kawaida kumpa mtu mifugo aichunge, yeye anapata maziwa na samadi, na siku moja moja ndama. Hakuna karatasi. Wanajua wawili tu na labda mke wa mmoja. Mzee akasema alisikia msiba ulipopita mwaka, akasubiri mtu aje kuwaulizia ng'ombe, hakuja mtu. Akasubiri tena. Sasa macho yake yameanza kupungua nguvu, anaogopa akifa watoto wake watadhani ng'ombe wote ni wa kwao. Walikuwa kumi na mmoja. Aliwataja kwa rangi, mmoja mmoja, na nani mama wa nani, na yupi alikufa kwa kuharisha na ngozi yake iko wapi.

Kisha akauliza, “Sasa nimkabidhi nani?”

Tulikuwa sita pale. Hakuna aliyejibu. Baba mdogo ndiye msimamizi na hatusemeshani naye. Mama akasema mpeni chai kwanza.

Mimi niliandika wosia wangu baadaye kidogo. Nilisukumwa na Septemba 2018. Sisi wa Mwanza tuna tarehe zetu. Tuna tarehe 21 Mei 1996, ya kuzama kwa meli ya MV Bukoba, na ukipita Igoma unaona makaburi. Na tuna tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, MV Nyerere ilipopinduka ikiwa inakaribia kabisa gati ya Ukara, watu wametoka gulioni Bugolora. Zaidi ya watu mia mbili walikufa. Wiki ile Mwaloni kulikuwa na magunia yamekaa tu, yamefungwa kamba, hayana mwenyewe. Wanawake wa umri wangu, wafanyabiashara kama mimi, wenye madeni ya mdomo kama mimi. Nilijiuliza, mimi nikizama leo, nani anajua kwamba yule mteja wangu wa Burundi ana advansi yangu, na kwamba yule mama wa Kahama hanidai kitu hata akija analia? Nilikuwa na miaka thelathini na saba. Mzima wa afya. Nikanunua kaunta buku.

Mama alipojua aliniambia, “Mwanangu, unajichulia kifo.” Nikamuuliza, babu alijichulia? Maana mama mwenyewe ndiye aliyenisimulia jinsi babu alivyowaita wanawe uani, na wazee wawili wa jirani, akawaeleza ng'ombe wako kwa nani na mahari ya nani bado haijaisha, na akaishi baada ya hapo miaka tisa akila ugali vizuri tu. Ule ulikuwa wosia. Sheria hiyohiyo ya mila ya 1963, pamoja na mabaya yake, inautambua wosia wa mdomo, mradi wawepo mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Wa maandishi, kwa anayejua kusoma, unatakiwa kuwa na angalau mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, nao wawe wanajua kusoma na kuandika. Hata kumnyima mtoto kuna utaratibu: lazima useme sababu waziwazi, kwa mfano kwamba hakukutunza kwenye njaa au ugonjwa. Kwa hiyo hili si jambo la Kizungu. Tulikuwa nalo, tukaliacha mahali fulani njiani kati ya kijijini na mjini.

Wangu niliuanza na orodha. Kila ninachomiliki, kiko wapi, karatasi yake iko wapi. Ninaowadai, majina kamili ya kwenye kitambulisho na namba ya simu, na jina la utani nimeliweka pembeni. Ninaodaiwa nao, hivyohivyo, kwa sababu sitaki watoto wangu wadaiwe mara mbili. Kisha nani awe msimamizi, na kama hataweza, nani wa pili. Mashahidi wangu niliwachagua watu ambao hawapati kitu humo. Wakili mmoja hapa mjini akaunyoosha, akanielekeza RITA, wakala wa serikali wa usajili, maana pamoja na vyeti vya kuzaliwa na vifo wanatunza pia wosia. Nakala iko kwa wakili huyo. Binti yangu mkubwa anajua ilipo; yaliyomo hayajui, na amenuna kwa hilo.

Wale wadogo zetu wa Nansio nimewataja kwa majina kwenye karatasi tofauti, ya familia. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto asinyimwe kunufaika na mali ya mzazi wake, lakini sikuwataja kwa sababu ya sheria. Yule wa masikio siku hizi ananiletea dagaa wa Ukerewe, na hajawahi kunipunja kilo.

Kilichobaki kilikuwa ni mume wangu. Miaka mitano nilimwimbia. Mara amechoka, mara kesho, mara “mimi nina nini cha kuandika”. Mwaka huu, siku moja umeme umekatika, nikamwambia, Baba Neema, taja tu, mimi nitaandika. Akaanza kutaja. Pikipiki. Kiwanja cha Buswelu. Hela ya kikoba. Anayemdai, anayedaiwa naye. Halafu, kama anayemalizia, akasema, “Na ule mtumbwi wa Maisome.”

Nikaweka kalamu chini. Mtumbwi gani?

Akasema ni wa zamani, aliununua na rafiki yake mwaka 2011, akaona aibu kunieleza kwa sababu haukuleta hata mia. Tulivuka kwenda kisiwani kuuona, Jumapili moja, mimi na yeye. Tuliukuta umepinduliwa juu ya mawe, mbao mbili zimeoza, kuku wa watu wanatagia chini yake. Rafiki mwenyewe alihama zamani. Mume wangu akasema tuuache, usiuandike, ni aibu. Nimeuandika: mtumbwi mmoja, mbovu, hauna injini, nusu kwa nusu na fulani, jina lake kamili, uko Maisome, una kuku.